Programu ya usimamizi wa ujenzi na mikataba ambayo watu wataitumia kweli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na waandaaji wa programu wanaoingia kwenye sekta ya ujenzi kwa mara ya kwanza, na pia na wakandarasi na washauri wanaotaka kutengenezewa mfumo wao wenyewe. Majibu yote yanatoka kwenye imani moja: malipo na madai husimama juu ya kumbukumbu iliyoandikwa saiti siku ileile. Kwa hiyo programu ipimwe kwanza kwa urahisi wa kuiandika kumbukumbu hiyo.

Tuanze na skrini au tuanze na mkataba?

Anzeni na mkataba. Usomeni na kalamu mkononi mkitafuta mambo matatu: nani anatakiwa kumpa nani hati gani, ndani ya siku ngapi, na asipofanya hivyo kinatokea nini.

Chukua Kitabu Chekundu, mkataba sanifu wa ujenzi wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), toleo la 1999. Mkandarasi anayetaka nyongeza ya muda au malipo ya ziada anatakiwa kutoa notisi ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kuhusu tukio. Siku zikipita, haki inapotea hata kama madai yenyewe yalikuwa ya kweli kabisa. NEC4 ya 2017, mkataba sanifu mwingine wenye asili ya Uingereza, nayo inampa mkandarasi wiki nane kutoa taarifa ya tukio la fidia, yaani tukio linalompa haki ya muda au fedha zaidi, isipokuwa kwa matukio yanayotokana na maagizo ambayo Meneja wa Mradi alipaswa kuyatolea taarifa yeye mwenyewe. Ukishapanga masharti ya aina hii kwenye jedwali, utaona skrini zinazohitajika bila kubahatisha.

Makosa huanza pale mbunifu anapopanga menyu kwa aina za faili: Nyaraka, Barua, Ripoti, Picha. Msimamizi wa saiti aliyekuta maji yamejaa kwenye msingi hafikirii faili. Anafikiria kwamba kuna jambo limetokea. Mpe kitufe kinachosema hivyo, kisha programu yenyewe imuulize maswali machache na kuamua kama jambo hilo linahitaji notisi, tahadhari ya mapema, au kumbukumbu tu.

Mtumiaji mkuu ni nani?

Ni yule anayeingiza taarifa. Mkurugenzi anayetazama dashibodi ndiye anayenunua programu, kwa hiyo dashibodi hupendezeshwa mwanzo na kila mtu anaisifia siku ya maonyesho. Miezi michache baadaye grafu zinakuwa tupu, au mbaya zaidi, zina takwimu za kubuni zilizojazwa Ijumaa jioni ili mtu aachwe aende nyumbani.

Nyapara, fundi mkuu, mtunza stoo, mhandisi wa saiti, mkadiriaji majenzi (anayepima kazi na kukokotoa malipo): hawa ndio wanaotoa taarifa, na kila mmoja ana dakika chache tofauti na sababu tofauti. Mtunza stoo anahitaji kupokea lori la saruji dereva akiwa anasubiri saini. Mkadiriaji majenzi anakaa mezani na kompyuta yenye skrini pana na anaweza kuvumilia jedwali la safu kumi na mbili. Usiwape wote skrini moja. Kwa maoni yangu, kama bajeti inaruhusu kukamilisha sehemu moja tu vizuri, ikamilishwe ya nyapara.

Ripoti ya siku iweje?

Iwe fupi kiasi cha kujazwa mtu akiwa amesimama. Hebu tuifuate moja. Saa kumi na moja jioni, nyapara ametoka kusimamia umwagaji wa zege la nguzo. Anafungua programu na tarehe, mradi na jina lake tayari vipo. Hali ya hewa imeshawekwa kutokana na eneo la simu, naye anathibitisha au anasahihisha. Orodha ya mafundi wa jana imeletwa, anawaondoa wawili ambao hawakuja. Kisha anachagua "zege", anachagua nguzo kwenye mchoro wa sakafu kwa kuzigusa, anaandika mita za ujazo, anapiga picha ya hati ya mzigo. Mwisho anaulizwa swali moja: kuna kitu kilichosimamisha au kuchelewesha kazi leo? Akijibu ndiyo, anasema kilianza saa ngapi, kiliisha saa ngapi, watu na mitambo gani ilikaa bure.

Swali hilo la mwisho lina thamani kuliko mengine yote kwenye fomu. Toleo la FIDIC la 2017 linataka madai yategemezwe na kumbukumbu zilizoandaliwa wakati wa tukio au mara tu baada yake. Miezi minane ikishapita, hakuna anayekumbuka kwamba winchi ilikaa saa tatu bila kazi Jumanne ile.

Tahadhari kuhusu kunakili ripoti ya jana. Kunakili majina ya watu ni msaada mkubwa. Kunakili vipimo vya kazi ni hatari, kwa sababu mtu aliyechoka atabonyeza "hifadhi" bila kubadilisha, na ripoti kumi zinazofanana zitaharibu uaminifu wa ripoti zote mia mbili mbele ya msuluhishi. Vipimo viwe vitupu kila siku.

Intaneti ikikatika saiti, programu ifanye nini?

Iendelee kama kawaida. Kila kitu kihifadhiwe kwanza kwenye simu, kisha kitumwe chenyewe mtandao ukirudi. Usimwonyeshe mtumiaji ujumbe wa kosa kwa jambo ambalo si kosa lake. Alama ndogo inayosema "vitu 3 vinasubiri kutumwa" inatosha, na akiigusa avione.

Maandishi yatangulie, picha zifuate. Picha zipunguzwe ukubwa kabla ya kutumwa, lakini ya asili ibaki kwenye simu mpaka seva ithibitishe imepokea. Na kila rekodi ibebe nyakati mbili: ilipoandikwa na ilipopokelewa na seva. Tofauti hiyo huja kuwa na uzito pale upande wa pili unapodai kwamba ripoti ilitungwa baadaye.

Watu wawili wakihariri rekodi moja wakiwa nje ya mtandao, usichague mshindi kimyakimya. Waonyeshe matoleo yote mawili wachague wao.

Vitufe viwe na ukubwa gani?

Vikubwa kuliko unavyozoea ukiwa ofisini. Mwongozo wa WCAG 2.2 wa Oktoba 2023, unaohusu kurasa za wavuti kutumika na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unaweka kiwango cha chini cha piseli 24 kwa 24 za CSS. Apple hupendekeza pointi 44 na Android dp 48, kila moja ikiwa ni kizio chake cha ukubwa kwenye skrini. Kwa mtu mwenye glavu au vidole vyenye saruji, chukua 48 kama mwanzo na uongeze kwa vitufe vinavyotumika kila siku. Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kufikia shabaha hutegemea umbali wake na upana wake, na kanuni hiyo haijachakaa: kitufe kikubwa kilicho karibu na kidole gumba hushinda kidogo kilicho pembeni ya juu.

Juani, kijivu hafifu juu ya nyeupe hakisomeki. WCAG inataka utofauti wa angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida. Kwa skrini za saiti lenga 7:1, kisha uitoe simu nje saa sita mchana ujionee.

Nyekundu, njano na kijani zinatosha kuonyesha hali ya kazi?

Hapana. Takriban mwanaume mmoja kati ya 12 wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya ana upungufu wa kutofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani, na hali hiyo ipo duniani kote kwa viwango tofauti. Weka neno au umbo pamoja na rangi: "imechelewa siku 4" inaeleweka na kila mtu, hata kwenye nakala iliyochapwa bila rangi.

Hati ya malipo ionyeshweje ili watu waiamini?

Ionyeshe hesabu nzima. Hapa ndipo programu hupoteza imani ya watu haraka kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mtu akiona jumla asiyoweza kuifuatilia anarudi kwenye lahajedwali lake na harudi tena kwako.

Tuseme mkataba ni wa 2,000,000. Kazi za BOQ (orodha ya kazi yenye vipimo na bei) zilizofanyika hadi leo zina thamani ya 900,000, na mabadiliko yaliyoidhinishwa ni 60,000. Jumla 960,000. Mkataba unasema asilimia 10 ishikiliwe hadi kasoro zirekebishwe, ukomo ukiwa asilimia 5 ya bei ya mkataba, yaani 100,000. Asilimia 10 ya 960,000 ni 96,000, ukomo haujafikiwa. Marejesho ya malipo ya awali hadi leo ni 50,000. Inabaki 814,000. Hati zilizotangulia zilithibitisha 640,000. Kinacholipwa sasa ni 174,000.

Kila mstari wa hesabu hiyo uonekane kwa mpangilio huo, na kila namba iguswe ifungue ilikotoka: 60,000 ifungue amri za mabadiliko zenyewe, 640,000 ifungue hati za nyuma. Mwezi ujao kazi ikifika 1,100,000, asilimia 10 ingekuwa 110,000, lakini ukomo ni 100,000. Usionyeshe tu 100,000. Andika pembeni "ukomo umefikiwa", vinginevyo mkadiriaji majenzi atapiga simu kuuliza kwa nini hesabu yako si asilimia 10.

Angalia pia kwamba hesabu ni ya jumla tangu mwanzo wa mradi, ukiondoa yaliyokwisha kuthibitishwa. Waandaaji wa programu wengi huanza kwa kujumlisha kazi za mwezi huu peke yake. Kipimo cha mwezi wa pili kikisahihishwa mwezi wa tano, mfumo wa aina hiyo hauna mahali pa kuweka sahihisho. Ule wa jumla unajisahihisha wenyewe kwenye hati inayofuata.

Kwa upande wa kiufundi, fedha zisihifadhiwe kama namba za desimali zinazoelea. Kompyuta haiwezi kuandika 0.1 kamili kwa mfumo wa jozi, na tofauti ya senti moja kwenye hati ya malipo hurudisha hati nzima. Tumia aina ya desimali kamili, na mkubaliane mapema kama unazungusha kila mstari au jumla ya mwisho.

Maagizo ya mdomo tuyashughulikie vipi?

Yashughulikiwe kwa uzito, kwa kuwa huko saiti mdomo ndio njia ya kawaida ya kuagiza. Mhandisi, yaani anayeusimamia mkataba kwa niaba ya mteja, anapita, anasema ukuta huu usogezwe, anaondoka. FIDIC ya 1999 inalitazama jambo hili: mkandarasi akithibitisha agizo la mdomo kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi, na Mhandisi asipolikataa kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi baada ya kupokea uthibitisho, uthibitisho huo unakuwa agizo la maandishi.

Kwa mbunifu wa programu hii ni zawadi. Kitufe kimoja, "nimepewa agizo la mdomo". Nani, lini, wapi, alisema nini, picha. Programu inaandika barua ya uthibitisho, msimamizi anaisoma na kuituma, saa inaanza kuhesabu. Mkandarasi akiweza kufanya hivyo akiwa bado amesimama mbele ya ukuta ule, umemsaidia kuliko moduli zote za uchambuzi.

Siku 28 zinahesabiwaje?

Kwanza soma tafsiri iliyo ndani ya mkataba. Kwenye FIDIC, siku ni siku ya kalenda, Jumapili na sikukuu zimo. Mikataba mingine huhesabu siku za kazi, na hapo unahitaji kalenda ya sikukuu inayoweza kuhaririwa na mradi.

Pili, tenganisha tarehe ya tukio na tarehe ya kujulikana kwake, kisha hesabu kwa kutumia ile inayotoa ukomo wa mapema. Maneno "alipopaswa kujua" yameshaleta mabishano mengi, na programu haipaswi kumpa mkandarasi raha ya uongo. Onyesha tarehe yenyewe ya mwisho pamoja na siku zilizobaki, mwezi ukiandikwa kwa neno. 03/04 inasomwa Aprili na mmoja, Machi na mwingine, na mradi mmoja unaweza kuwa na wote wawili.

Arifa ngapi ni nyingi mno?

Pale mtumiaji anapozizima zote, zimeshazidi, na ile ya siku 28 imezimwa pamoja nazo. Arifa ya papo hapo itolewe kwa jambo ambalo yeye mwenyewe anatakiwa kulifanya na lina ukomo. Yaliyobaki yaende kwenye muhtasari mmoja wa asubuhi.

Tutumie maneno gani kwenye skrini?

Ya mkataba unaotumika. Anayeitwa "Mhandisi" kwenye FIDIC ni "Meneja wa Mradi" kwenye NEC, na majukumu yao hayafanani kabisa. Majina haya yawe mipangilio ya mradi, yasiandikwe moja kwa moja ndani ya msimbo. Mtu akilazimika kutafsiri kichwani kila skrini, atakosea barua.

Watu wetu wanapenda lahajedwali. Tuwakataze?

Msiwakataze. BOQ karibu zote huletwa kwenye lahajedwali, zenye vichwa vilivyounganishwa, mistari ya maelezo isiyo na bei, na jumla za kurasa katikati. Jenga uingizaji unaovumilia vurugu hiyo: mtumiaji abandike, programu ikisie safu ipi ni kipimo, ipi ni kizio, ipi ni bei, naye asahihishe. Kisha linganisha jumla yako na ya faili lake mbele ya macho yake. Na aweze kutoa kila kitu kurudi kwenye lahajedwali wakati wowote. Mtu anayejua anaweza kuondoka na data yake hukaa kwa amani.

Michoro: mtu atajuaje kwamba anatazama toleo la sasa?

Mchoro uliopitwa na wakati usifunguke kama mchoro wa kawaida. Uvukwe na maandishi makubwa "umebadilishwa", pamoja na kiungo cha toleo jipya na alama za mistari yenye umbo la wingu zinazozunguka kilichobadilika. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa taarifa za ujenzi, ISO 19650, kilichoanza kutolewa 2018, kinatenganisha taarifa inayoandaliwa, iliyoshirikishwa, iliyochapishwa na iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu. Mgawanyo huo ufuatwe ndani ya mfumo, lakini fundi wa nondo asilazimike kuujua. Yeye anahitaji jibu moja: nijengee huu au hapana?

Rekodi ikikosewa, mtu aruhusiwe kuifuta?

Kabla ya kutumwa, ndiyo. Baada ya kutumwa, hapana. Aisahihishe, na toleo la awali, jina lake, wakati na sababu vibaki. Ila urahisishe kusahihisha, vinginevyo watu wataogopa kuandika kabisa na kusubiri hadi wawe na uhakika, na hapo siku imeshapita.

Tutajuaje kama programu ni rahisi kweli?

Wape kazi halisi na unyamaze. Usiulize "unaipenda?" Mwambie: "Lori limeleta nondo pungufu, liandike," kisha tazama anakosimama, anakorudi nyuma, anachosoma mara mbili. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya programu, amekuwa akitetea kwa muda mrefu kwamba watu watano hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi, ila hesabu hiyo ni kwa watumiaji wanaofanana. Watano wa ofisini hawatakuambia chochote kuhusu nyapara. Chukua watano wa kila kundi unalolijali, na wa saiti uwajaribie saiti, kwenye kelele na jua.

Kwa kipimo cha kulinganisha toleo hadi toleo, kuna dodoso la SUS (kipimo cha urahisi wa kutumia mfumo) la John Brooke la mwaka 1986: sentensi 10, alama kutoka 0 hadi 100. Alama hizo si asilimia, na wastani unaotajwa sana ni 68. Mimi napima pia kitu cha kawaida zaidi: ripoti za siku zilizotumwa siku ileile, kati ya zote. Namba hiyo ikishuka, kuna kitu kwenye fomu kimekuwa kigumu, na kitafute kabla ya kuwalaumu watu.

Mteja na mkandarasi watumie mfumo mmoja?

Inawezekana na inapunguza barua zinazopotea njiani, mradi rasimu za kila upande zibaki za upande huo hadi zitumwe. Alama ya "rasimu, unaiona wewe na timu yako tu" iwe juu ya skrini, si kwenye mipangilio. Mkandarasi mwenye shaka kwamba Mhandisi anaona anachoandika hataandika.

Mradi ukikamilika, programu imemaliza kazi?

Bado. Kwa FIDIC ya 1999, nusu ya fedha zinazoshikiliwa hutolewa hati ya makabidhiano ikitoka, na iliyobaki baada ya kipindi cha kutoa taarifa za kasoro, ambacho mara nyingi huwekwa siku 365. Katika muda huo timu imeshatawanyika, simu za kazi zimerudishwa na manenosiri yamesahaulika. Kwa hiyo tarehe ya kuisha kwa kipindi hicho ihamie kwa mtu wa ofisi kuu mwenye jina, siyo kwa akaunti ya mradi. Orodha ya kasoro ibaki wazi kwa kiungo ambacho mtumiaji wa jengo anaweza kukitumia bila mafunzo: picha, chumba, maelezo. Na kabla leseni haijakatwa, mfumo utoe kifurushi kamili cha mradi kwa faili za kawaida, PDF na CSV, zenye majina yanayosomeka na mtu, ili anayeulizwa kuhusu nguzo ile baada ya miaka sita aikute ripoti yake bila kuihitaji programu yako.